Bei ya Shahidi: Shule na Kesi katika "Weep Not, Child"

Wengi tunaisoma Weep Not, Child kama hadithi ya Mau Mau basi: msitu, bunduki, Mzungu na shamba. Tukiishia hapo tumepitwa. Riwaya hii ya 1964 ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ina kesi mbili na shule moja, na zote zimefungwa kwa kamba moja.

Kesi ya kwanza ni ya kweli. Kapenguria, Aprili 8, 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu, eti wanaongoza Mau Mau. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba alidanganya. Aliahidiwa nini? Nauli ya ndege na masomo ya chuo Uingereza! Kumbe bei ya shahidi ilikuwa shule. Na jamaa akafungwa mwaka 1959, si kwa uongo wa Kapenguria, bali kwa kile kiapo cha kuukana.

Bei hiyo ilitoka wapi? Kenya ya wakati ule shule zilitengwa kwa rangi, na serikali ilianza kuzifunga shule huru za Wakikuyu mwaka 1952. Ukishakifanya kitu kiwe adimu, unaweza kukiuza hata kwa roho ya mtu. Huku kwetu nako shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika zilikuwa mbalimbali mpaka zilipounganishwa Januari 1962. Kesi ya Jomo ikiunguruma, Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha vijana wa Kiafrika hapo Pugu, jirani zetu sisi watu wa Chanika.

Sasa rudi kitabuni. Njoroge anaamini shule kama wazee wanavyoamini kwamba Jomo atashinda. Ngũgĩ hatupeleki mahakamani hata dakika moja. Tunabaki na watu wanaosubiri, wanaobishana, mpaka habari inafika kwamba Jomo kashindwa. Hiyo ndiyo fani! Mwandishi chipukizi angejaza mawakili na hotuba kurasa ishirini.

Kesi ya pili haifiki hata kwa hakimu. Jacobo anauawa, na mzee Ngotho anakiri mauaji ambayo hakuyafanya ili kumwokoa mwanawe. Njoroge anatolewa darasani Siriana, anapelekwa kuteswa. Shule aliyodhani ni ngome haina hata mlango wa kumfungia askari nje.

Kasoro zipo. Timu ya shule ya Wazungu inapokuja Siriana kucheza mpira, Njoroge anakutana na Stephen, mtoto wa Bwana Howlands. Wanagundua kwamba utotoni kila mmoja alimwogopa mwenzake. Hapo palikuwa na riwaya nzima, lakini Ngũgĩ anapapitia haraka, na vijana wanaongea kama wazee wa baraza. Laiti angewaacha wacheze kwanza.

Hata hivyo, kitabu hiki kinatufundisha sisi tunaojaribu kalamu. Tunapenda kuandika mfungwa asiye na hatia na hakimu katili, hadithi imekwisha. Ngũgĩ anatuelekeza kwingine: uongo wa mahakamani huanza mbali na mahakama, pale mtu anapoonyeshwa kitu alichonyimwa maisha yake yote. Macharia hakuwa shetani. Alikuwa kijana aliyetaka kusoma, kama Njoroge, kama wewe. Mwandishi atakayethubutu kuandika riwaya ya shahidi huyo, atuletee. Tutaisoma.