Mtumishi Asiye na Jina

Tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Hattie McDaniel alikuwa Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa filamu ya Gone with the Wind. Lakini hebu tazama alikoketishwa: meza ya pembeni, mbali na wenzake walioigiza naye. Hoteli ile haikupokea Weusi. Ilibidi mtayarishaji David O. Selznick amwombee ruhusa ndipo akaingia.

Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye meza. Mimi nasema tuutazame na mswada, maana ubaguzi ulianzia kwenye karatasi. Hattie aliigiza mtumishi anayeitwa Mammy, basi. Jina lake hasa nani? Hatuambiwi. Anamfunga binti wa bwana wake kamba za nguo ya kubana kiuno, anamgombeza ale, siri zote za nyumba anazo. Je, ana mtoto? Mwenyewe anataka nini? Wapi! Waandishi hawakujali kuuliza. Pale kalamu ilipoacha pengo, Hattie alijaza kwa macho na sauti yake.

Baada yake, mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Miaka 51, jamani!

Halafu 2014 akaja Lupita Nyong'o, Mkenya, kwa 12 Years a Slave. Unaweza kunung'unika: miaka 74 imepita, na bado mwanamke Mweusi anapewa tuzo akiwa chini ya bwana? Ni kweli. Ila Patsey si Mammy. Patsey anachuma pamba kuwashinda wanaume, halafu anakwenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni, kwa kuwa amechoka kunuka. Anajitetea mbele ya bwana, na anachapwa viboko. Kwa sabuni tu tumemjua mtu mzima.

Na sisi je? Katika maigizo yetu mara ngapi hausigeli ni "we msichana"? Analeta chai, anavunja kikombe, tunacheka, anatoka. Kwao ni wapi, hakuna ajuaye. Sasa wewe unayeandika mchezo wako wa kwanza, usingoje watu wa Hollywood watubu. Mpe huyo binti jina. Kisha mtafutie sabuni yake.