Laini si Watu: Uchumi wa Kidijiti na Imani ya Umma, kwa Mizani ya Micheweni

Limeanza kujengeka miongoni mwa viongozi na watendaji wetu kosa la kinadharia ambalo halina budi kusahihishwa mapema. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba idadi ya laini za simu na minara ndiyo kipimo cha uchumi wa kidijiti. Taarifa husomwa kwamba laini nchini zimepita milioni 80, na ukumbi hupiga makofi. Lakini Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo. Ni dhahiri basi kwamba laini si watu. Mtu mmoja ana laini tatu mfukoni, na jirani yake hana hata moja. Hesabu ya laini hutueleza kampuni zimeuza nini. Haitwelezi nani amezalisha, nani amefaidika, wala nani anauamini mtandao kiasi cha kuukabidhi mali yake.

Msimamo wa makala haya ni kwamba imani ya umma katika mtandao ni nyenzo ya uzalishaji, sawa na mnara na umeme. Nyenzo hiyo haiji kwa matangazo. Hujengwa na siasa sahihi, na hubomolewa na siasa mbovu.

Tuupime msimamo huo katika Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni ya mawe, na wananchi wake huishi kwa uvuvi, mwani na kilimo cha chakula. Uchunguzi wa matumizi ya kaya umeitaja mara kwa mara kuwa miongoni mwa wilaya maskini kabisa za Zanzibar. Micheweni ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi katika miaka ya 1990, sambamba na Fumba. Lakini mtaji ukaenda Fumba. Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Pemba mwaka 2010 tu, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Siasa ya mawasiliano itakayomfaa mwananchi wa Micheweni itamfaa pia mkaazi wa Masaki na wa Mji Mkongwe. Kinyume chake si kweli.

Turejee kwanza katika historia. Posta na simu ni jambo la Muungano tangu Hati za mwaka 1964. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Taifa liliunda Shirika lake la Posta na Simu. Sheria za mwaka 1993 zikaligawa, TTCL ikazaliwa, na mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake zikauzwa kwa wageni. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena hisa hizo, na sheria ya mwaka 2017 ikaifanya TTCL kuwa shirika la umma. Huku Zanzibar, Zantel ilianzishwa mwaka 1999. Mwaka 2015 hisa zake nyingi zilinunuliwa na Millicom, na mwaka 2022 Millicom nayo ikawauzia wawekezaji wakiongozwa na Axian ya Madagascar. Mwenye mtandao amebadilika mara nyingi kuliko hali ya mtumiaji wake.

Historia hiyo inatufundisha makosa mawili. Wakati wa shirika moja, simu ilikuwa heshima ya ofisi, si chombo cha mzalishaji. Wakati wa soko, mnara uliifuata pesa. Kuundwa kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006 kulikuwa kukiri kwamba soko peke yake halitafika vijijini. Mfuko huo umefanya kazi njema, Pemba ikiwemo. Lakini mnara ukishasimama, swali la pili huanza: mnara huo unamtumikia nani?

Tumtazame mkulima wa mwani. Wengi wao ni wanawake. Bei ya mwani haipangwi na yule anayeufunga kwenye kamba; hupangwa katika masoko ya nje na hushushwa hadi ufukweni kupitia wanunuzi wachache. Simu imempa njia ya kupokelea pesa, lakini haijampa sauti katika bei. Akituma hulipa ada, akitoa hulipa ada. Mwaka 2021 iliongezwa tozo juu ya miamala. Wananchi wakalalamika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na kupunguzwa tena mwaka 2022. Somo lake ni zito. Mtu akiona kwamba kila anapopitisha shilingi mtandaoni hukatwa, huirudisha shilingi hiyo katika kibindo.

Wala ukupe haukufa, umebadili vazi. Mikopo iliyoitwa na wananchi wenyewe "kausha damu" imehamia katika simu. Mkopeshaji huchukua orodha ya namba za jamaa wa mkopaji, kisha humwaibisha kwao akichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizokuwa na leseni. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, ila ilikuja baada ya wengi kuumia. Kadhalika matapeli. Tulisajili laini kwa alama za vidole kuanzia mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwananchi alitoa kidole chake. Hata hivyo ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" bado unamfikia. Ana haki ya kuuliza kidole chake kimelinda nini.

Hapo ndipo ulipo mgongano wenyewe: dola na kampuni zinamjua mwananchi, lakini mwananchi hajui nani ameshika habari zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni hatua ya mbele. Lakini kwa upande wa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Kwa hiyo taarifa za mkaazi wa Wingwi zilizoko kwenye kampuni ya simu zina mlinzi huyo. Zile za hospitali na skuli zinahitaji mlinzi mwengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna madaftari mengi. Kinachokosekana ni mwenye kujibu yanapovuja.

Liko jambo jengine lisilofaa kupitwa kimya. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Hakuna kada anayepuuza usalama wa Taifa. Lakini haiwezekani kumwambia mwananchi ahamishie biashara yake mtandaoni, kisha mtandao huo ukatwe bila yeye kujua kwa kanuni ipi, kwa muda gani, na nani atamfidia. Barabara inayoweza kufungwa wakati wowote bila maelezo, msafiri mwenye busara hatapitisha shehena yake humo. Wanaosema usalama kwanza na imani baadaye wanavitenganisha vitu visivyotengana: umma usioamini chombo chake hautakilinda.

Imani hujengwaje? Micheweni yenyewe ina mfano. Ni redio jamii yake, iliyosaidiwa na UNESCO. Msikilizaji anaijua sauti inayosema, anajua mlango wa kubisha, na kosa likitangazwa linaweza kusahihishwa mbele ya waliolisikia. Siri ya chombo hicho ni ukaribu na uwajibikaji; mitambo yake ni midogo.

Kwa hiyo kazi zetu ni hizi. Kwanza, tubadili kipimo: taarifa za maendeleo zieleze gharama ya kutuma shilingi elfu kumi, saa ambazo mtandao haukupatikana, na malalamiko yaliyotatuliwa, kwa kila wilaya. Pili, pawepo katika kila shehia mahali pa kupeleka malalamiko ya utapeli na mikopo, kwa kuwa namba 15040 hupokea taarifa lakini haimfuatilizii bibi wa Tumbe pesa yake. Tatu, kanuni ya kuzuia mtandao iandikwe, itangazwe, iwe na ukomo na mwenye kuhojiwa; na njia za malipo zisiguswe. Nne, wakulima wa mwani na wavuvi wajiunge katika ushirika utakaoitumia simu kulinganisha bei na kuuza kwa pamoja, si kupokea malipo tu. Tano, matawi ya Chama yafundishe haki hizi kwa lugha ya watu, na yawe ya kwanza kukosoa zinapovunjwa.

Minara tunaweza kuinunua kwa mkopo. Imani ya umma haina duka. Kada atakayekwenda Micheweni na hesabu ya laini peke yake atakuwa amebeba taarifa ya kampuni. Ajifunze kwanza kubeba taarifa ya wananchi.