Maji Bado Mekundu

Pale Omurushaka, barabara ya kwenda Murongo inapoanzia, manyoya ya kuku wa kisasa ni taka tu. Msimu wa kahawa upepo huyapeperusha hadi kwenye maturubai, na wenye kahawa hununa. Mtu pekee niliyemwona akiyaomba ni jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, anayeyatia rangi kwa mapambo ya kichwani ya wacheza ngoma. Huchukua meupe tu. Ya kahawia, anasema, tayari yana mwenyewe.

Huanza na sabuni. Kuku ana tezi ya mafuta juu ya mkia. Huyachota kwa mdomo na kujipaka, mvua isimlowanishe. Kinachofukuza mvua hufukuza na rangi. Kwa hiyo mama huosha kwa maji vuguvugu, husuuza, kisha hudondosha tone moja la maji juu ya unyoya. Likiteleza, anarudi kwenye beseni. Nimemhesabia hadi mara nne.

Ndipo sufuria inapanda jikoni: maji, siki, rangi ya keki. Unyoya umeumbwa kwa keratini, kama ukucha na nywele, na rangi ya keki huing'ang'ania keratini ikipata uchachu na joto. Ukiitia kwenye shati la pamba, itatoka kwa kufua. Pamba ni mmea, unyoya ni mwili.

Maji hayaachwi yatokote, yanafuka tu. Hapa ndipo mimi ningeshindwa. Nilitaka kuepua baada ya dakika kumi, manyoya yalishaonekana mekundu vya kutosha. "Bado, mwanangu," akasema. "Maji bado mekundu." Tukakaa. Akapunguza mkaa, akageuza kwa mwiko, akanyamaza. Polepole wekundu ukahama kutoka kwenye maji ukaingia kwenye manyoya, mpaka sufuria ikabaki na maji karibu safi, kana kwamba hayakuwahi kutiwa kitu.

Mbali na rangi ya keki, manjano ya jikoni hushika upesi, ila jua huyafifisha, na yakiguswa na sabuni hugeuka mekundu. Majani ya chai yakichemshwa pamoja na misumari yenye kutu hutoa kijivu kinachoelekea weusi; nilipouona nilikumbuka utomvu wa ndizi mbichi na mashati yangu yote uliyoyaharibu. Kahawa, kwa wingi wake wote huku kwetu, hutoa hudhurungi hafifu tu. Nilisikitika kidogo.

Ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, ambayo nayo huitia rangi, haikaribii jiko kabisa, kwani maji ya moto huifinya ngozi ikajikunja. Hiyo huipaka hina iliyokorogwa nzito, akaiacha saa nyingi kivulini, na manyoya meupe yakatoka na wekundu wa udongo.

Unyoya ukitoka majini hutia huruma: uzi mwembamba ulionyeshewa. Mama huusuuza, huukung'uta, huupepea mbele ya mlango, halafu huubana kati ya vidole viwili na kuupitisha kutoka shinani hadi nchani, mara moja, mara ya pili. Vijinywele vyake vina vindoano vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikakamatana kimoja baada ya kingine, na unyoya ukafunguka mkononi mwake, mwekundu.