Subiri Marahaba

Mdogo wangu ana miaka 41 na amezaliwa na mtindio wa ubongo. Mama alipofariki, mimi na dada yangu tulizunguka kumtafutia nyumba ndogo ya kumpokea: za masista, za wachungaji, za watu binafsi, zenye wakazi wanane, kumi, kumi na wawili. Tulianzia Dar es Salaam tukafika hadi Moshi. Siku hizi rafiki akiniomba nimsindikize kukagua nyumba ya aina hiyo, najua pa kutazama, na mara nyingi si pale mwenyeji anaponyoosha kidole.

Mwenyeji atakuonyesha vigae, televisheni, rangi mpya na kitabu cha wageni. Sifia, kisha uendelee. Mfadhili mmoja akija wiki moja, hivyo vyote vinapatikana.

Mimi husikiliza salamu kwanza. Mlezi wa miaka 22 anapomkaribia mkazi wa miaka 50, anamwitaje? Mahali pengi utasikia "watoto wameshakula", "watoto wamelala", na hao watoto wana mvi. Penye malezi utasikia "Shikamoo, mjomba", halafu mlezi anasimama kusubiri. Hapo ndipo penyewe. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji muda mrefu kukusanya pumzi na ulimi mpaka "marahaba" itoke. Mwingine hatatamka kabisa, atajibu kwa kuinua macho. Anayepita kabla jibu halijaja hajasalimu mtu. Amemsalimu mgeni aliyesimama pembeni.

Hodi nayo iko hivyo hivyo. Getini kila mtu anapiga hodi. Je, na kwenye mlango wa chumba cha mkazi? Ukiona mwenyeji anausukuma tu ili akuonyeshe kitanda kilivyotandikwa, na mwenye kitanda yumo ndani anabadilishwa nguo, huhitaji kukagua zaidi.

Chakula kinataka muda, kwa hiyo nenda saa saba mchana na usiage mapema. Mlezi anayejua kazi huvuta kiti akakaa, uso wake sawa na uso wa anayemlisha. Aliyesimama humlazimisha mwenzake kuinua kichwa, na kichwa kikielekea nyuma njia ya hewa inabaki wazi: uji unaingia mapafuni badala ya tumboni. Kikohozi cha kila mlo na nimonia zinazojirudia nyumba nyingine huziita "udhaifu wake", kumbe ni kijiko. Mkazi akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe kidogo, na kingine kisiinuliwe mpaka koo lionekane limemeza. Baada ya kula asilazwe. Nusu saa hivi akiwa amekaa humwepusha na mengi. Tazama pia sahani. Asiyeweza kutafuna atapondewa, sawa, lakini samaki apondwe peke yake na mchicha peke yake. Niliwahi kuona ugali, maharage na embe vimesagwa pamoja kuwa tope moja la kahawia. Nikamuuliza mpishi kama ameonja. Alicheka.

Halafu miguu. Visigino utaviona bila kumvua mtu heshima yake, ila umwombe ruhusa. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo kwenye visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio, na katika ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Doa huwa jeusi zaidi ya ngozi ya jirani au la zambarau, na ukiligusa lina joto au ugumu. Nyayo zinazoning'inia hewani zinakwambia jambo jingine: kiti mwendo kilikuja kwenye shehena ya msaada, hakuna aliyempima mwenyewe. Mtu hupinda mgongo kufuata kiti, mwaka hadi mwaka.

Hapo uliza habari za usiku. Kwa kawaida wasiojigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Wakiwa wanne, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kugeuza mara kumi na sita, nepi hujazihesabu. Ukiambiwa usiku yupo mlinzi tu, jibu umeshalipata.

Kuhusu harufu nina maoni yangu. Nyumba inayonuka dawa ya choo tangu getini hunitia shaka kuliko yenye harufu kidogo ya mkojo saa tano asubuhi na kitunguu kinakaangwa jikoni. Mkojo wa leo si kosa. Mkojo uliozama kwenye godoro ndio kosa.

Miswaki ihesabiwe: iwe sawa na idadi ya watu, kila mmoja na jina lake. Daftari la dawa liombwe. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla, degedege linaweza kurudi na lisikome, kwa hiyo kila kidonge huwekewa alama kinapomezwa. Katika nyumba moja nilikuta alama nadhifu, kalamu moja, mwandiko mmoja, mwezi mzima. Zilikuwa nadhifu mno. Nilipotazama vizuri, dozi ya usiku ule ilikuwa imeshatiwa alama, na saa yangu ilisema saa nane mchana.

Jina la mwanzilishi silipi uzito. Jean Vanier, aliyeanzisha jumuiya za L'Arche huko Ufaransa mwaka 1964, aliheshimiwa dunia nzima kwa kuishi na watu wenye ulemavu wa akili. Alifariki mwaka 2019, na mwaka uliofuata uchunguzi ulioanzishwa na shirika lake lenyewe ulitoa matokeo: aliwanyanyasa kingono wanawake sita, wasio na ulemavu. Kwa hiyo nauliza nani huingia bafuni na nani, mlango ukiwa umefungwa, na kama mkazi ana mtu wa nje anayeweza kumweleza jambo.

Ibara ya 19 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Sisi tulimchagulia mdogo wetu, nakiri. Kilichobaki ni kuona kama huko ndani anaweza kukataa: kuoga asubuhi, shati la kijani, mgeni.

Tulipoipata nyumba yake nilichukua miezi kuiamini. Kisha Jumamosi moja nikafika kutoka Dar, saa nne ndani ya basi, mfuko wa machungwa mkononi. Mlezi alinipokea barazani, akapiga hodi chumbani, akaingia, akakaa humo muda. Alitoka akitabasamu kwa aibu.

"Shemeji, amesema usubiri. Simba na Yanga wanacheza."

Nikakaa kwenye benchi nikamenya chungwa mpaka mapumziko.