Kisu cha Brutus na sheria za Roma

Kitabu Juliasi Kaizari kilitoka ng'ambo ya Ziwa letu Tanganyika. Mwalimu Nyerere alikigeuza katika Kiswahili toka Shakespeare, akakitoa mwaka 1963, kisha akakitengeneza upya mwaka 1969. Tunaisifu kazi hiyo. Mashairi yake hayana vina, lakini yanakaa vizuri katika kinywa cha mwanafunzi.

Tuna neno moja tu juu ya ginsi kinavyosomwa. Wengi wanafunga kitabu wakikumbuka kisu: Kaizari alitaka ufalme, Brutus akamwua, basi. Lakini wasome tena pale Brutus anapomaliza kusema mbele ya makutano. Mtu mmoja anapaaza sauti kwamba Brutus mwenyewe awe Kaizari! Hapo ndipo penye kiini cha mchezo. Mkubwa amekufa, mawazo ya watu hayakugeuka. Kiti kinatafuta mkubwa mwingine.

Wamarekani wa kwanza waliisoma Roma kwa njia nyingine. Kwa Polybius na Cicero walijifunza kwamba Roma iligawanya uwezo: makonsuli wawili kwa mwaka mmoja tu, Seneti, na mikutano ya raia. Basi katiba ya Philadelphia ya mwaka 1787 iliweka prezida, Seneti na baraza la wajumbe, kila mmoja amzuie mwenzake. Hamilton, Madison na Jay waliitetea kwa maandiko 85, wakijiita Publius, jina la Mroma mmoja wa wale waliosimamisha republika wafalme walipofukuzwa. Lakini waliifuata Roma katika ubaya wake pia: waliacha utumwa uendelee.

Sisi wa Fizi na Baraka tunakijua kisu. Vita ya mwaka 1964 wazee wetu hawajaisahau. Mwaka 1965 Mobutu alitwaa utawala, akasema miaka mitano; akakaa mpaka 1997. Kule Roma, diktata aliyepewa uwezo wote siku za hatari alipewa miezi sita. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006 iliweka Seneti, ikampa prezida vipindi viwili tu, na kifungu cha 220 kikakataza kugeuza hesabu hiyo. Majina ya Roma tunayo. Je, watu wetu wanajua maana yake?

Ndugu waseminari, Mtakatifu Augustino alipojadiliana na Cicero katika Mji wa Mungu, alifundisha kwamba pasipo haki hakuna republika. Nanyi makatekista, mkiwasomea vijana mchezo huu, msiishie kwenye kisu. Waulizeni: kesho yake ni nani atakayetawala, na ni nani atakayemzuia?