Mtumbwi Hupimwa kwa Sikio

Nimetumiwa tena ile video ya Zambezi. Mitumbwi minne imepangana ubavu kwa ubavu katikati ya mto, ukungu umetanda, filimbi inalia, kisha inaonekana meza yenye kitambaa cheupe juu ya fungu la mchanga. Chini yake sifa tupu: utulivu ulioje! Utulivu huo ndio ulionikera. Kati ya Chirundu na Kanyemba, kwenye maji yenye viboko wengi kiasi kile, mwongozaji aliyenyamaza hivyo ama haijui kazi ama anatafuta bakshishi.

Leseni isikudanganye. Zimbabwe ina leseni maalumu ya waongozaji wa mitumbwi, na si rahisi kuipata, lakini karatasi haipigi kafi. Tazama msafara wenyewe: mstari mmoja, mwongozaji kwenye mtumbwi wa mbele akiwa ameketi shetri, wapiga kafi dhaifu nyuma yake moja kwa moja, wenye nguvu mwisho. Mitumbwi ikitawanyika kama bata waliorushiwa jiwe, hakuna haja ya kuendelea kutazama.

Lakini lipo jambo moja ambalo mgeni halisikii hata likifanyika mbele ya pua yake: kugonga.

Kiboko mkubwa anaweza kukaa chini ya maji dakika kama tano. Kwa hiyo ukifika kwenye kona ukaona maji matupu, bado hujaona kitu. Fundi husimamisha msafara mbali, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi mara mbili tatu, halafu akangoja. Kugonga kila mtu anaweza. Ufundi uko kwenye kungoja. Viboko husikia, wakapanda kutazama, vichwa vikaibuka kimoja kimoja huku masikio yakikung'uta maji. Fundi anahesabu. Anahesabu tena, maana aliyezama hapa huibukia pale. Anamtafuta hasa dume aliye peke yake, yule aliyefukuzwa kundini, anayependa kujibanza kando penye kivuli, mahali palepale ambapo mitumbwi ingetaka kupita. Akishajua kila mmoja alipo, anawaachia maji ya kina, naye anashika maji ya magotini. Kiboko akishtuka hukimbilia kina, na ole wake aliyekaa katikati ya njia hiyo.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai mambo hugeuka. Viboko wako juu ya mchanga wakiota jua, na maji ya kando si salama tena. Hapo fundi hugongea mbali zaidi, akawaacha waingie mtoni kwa raha zao na kutulia, ndipo apite.

Mzee mmoja wa Chirundu aliwahi kutuzuia kwenye kona mpaka wageni wakaanza kunung'unika. Vichwa sita vilikuwa wazi mbele yetu. "Bado mmoja," akasema, na hatukujua amemjuaje. Wa saba akaibuka chini ya mti ulioangukia majini, hatua chache kutoka njia tuliyokuwa tuishike. Mzee hakugeuka hata kutazama nyuso zetu.

Mlinganishe na kijana mmoja niliyemwona akigonga huku anaendelea kupiga kafi. Aliiga mlio, akaacha kazi. Huyo ni mbaya kuliko asiyegonga kabisa, kwani anawashtua viboko kisha anawafuata. Na wako matapeli halisi, wanaomsogelea mnyama makusudi ili apanue kinywa na mgeni apate picha. Mgeni anadhani kiboko anapiga miayo. Lile ni onyo.

Kambi ni jambo la macho tu. Viboko hutoka usiku kwenda malishoni, kwa hiyo hema likikaa karibu na mfereji waliouchimba ukingoni kwa miguu, ondoka. Mitumbwi ipandishwe juu na kufungwa, na kijiti cha kupimia maji kichomekwe ukingoni kabla ya kulala. Tangu bwawa la Kariba lilipokamilika mwaka 1959, maji hapa hupanda na kushuka kwa amri ya mitambo, si ya mvua peke yake. Moto uwe mdogo, juu ya mchanga. Chai iwe imeiva kabla hakujapambazuka, maana upepo wa mashariki ukikaza hukupiga usoni hadi Kanyemba. Na mwongozaji anayepiga picha si mwongozaji.

Zamani tulilala kwenye chandarua tu, bila hema, tembo wakipita kuvuka kwenda upande wa Zambia. Simu ya setilaiti haikuwepo, hivyo mtu aliusoma mto vizuri kwa kuwa hakuwa na wa kumpigia. Hifadhi ya Mana Pools, iliyo njiani hapa, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1984, na mandhari bado ni yale yale. Waliopungua ni wanaojua kungoja.

Kabla hujalipa, iulize kampuni swali moja: mkifika kwenye kona yenye viboko, mnafanya nini? Wakikujibu kwamba wanapita kimyakimya wasiwasumbue wanyama, weka pesa yako mfukoni.