Samli Hupimwa kwa Njaa

Alfajiri, kabla mgonjwa hajatia kitu kinywani, analetewa samli iliyoyeyushwa kikombeni. Siku ya kwanza huwa kidogo tu, mara nyingi mililita 30 hivi, kisha anakunywa maji ya moto kwa mafunda madogo. Chakula hapewi. Tabibu akipita kumwona, anauliza njaa imerudi saa ngapi, kama mgonjwa akicheua bado anasikia harufu ya samli, na kama mwili umekuwa mwepesi au ungali mzito. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kikombe cha kesho kiwe na kiasi gani. Hii ni purvakarma, yaani kazi ya kutangulia, katika tiba ya Kihindi ya Ayurveda ya kusafisha mwili iitwayo panchakarma. Kazi tano zenyewe huja baadaye: kutapisha, kuendesha tumbo, aina mbili za bomba la njia ya haja kubwa, na dawa za puani; wanaomfuata tabibu wa kale Sushruta huhesabu bomba kuwa moja na kuongeza kutoa damu. Wengi walioisikia panchakarma wanazijua hizo tano na kuyaona maandalizi kuwa utangulizi unaoweza kufupishwa. Mimi naona kinyume chake. Waasisi wa tiba hii walifikiri kwa makini zaidi hapa penye kikombe cha samli, na fikra yao inastahili kuheshimiwa hata na mtu asiyekubali kabisa habari ya sumu mwilini.

Tazama jinsi walivyopima. Sura ya 13 ya sehemu ya kwanza ya Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, inahusu matumizi ya mafuta peke yake. Inataja aina nne: samli, mafuta ya mbegu, shahamu ya nyama na uboho wa mifupa. Kipimo chake hakitajwi kwa vijiko wala vibaba. Kiwango kikubwa ni kile ambacho mwili hukisaga kwa usiku na mchana, cha kati kwa mchana mzima, na kidogo kwa nusu ya mchana. Kwa saa zetu ni 24, 12 na 6. Kwa hiyo kikombe kilekile kinaweza kuwa kiwango kidogo kwa mkulima mwenye tumbo lenye nguvu na kiwango kikubwa kwa mtu aliyetoka kitandani juzi. Ndiyo maana tabibu huanza na kiasi cha kujaribia, akahesabu saa hadi njaa irudi, kisha akapandisha siku baada ya siku. Mwenye tumbo laini, anayefunguka kwa maziwa, zabibu, sukari guru au hata maji ya moto, humaliza kwa siku 3. Mwenye tumbo gumu hufika 7. Dalili za kusimama zimetajwa waziwazi: hewa inatoka bila shida, njaa inachangamka, choo kinakuwa laini chenye mafuta, ngozi inakuwa nyororo. Dalili za kuzidisha nazo zimetajwa: weupe wa ngozi, uzito, usingizi usio wa kawaida, kichefuchefu, choo ambacho hakikusagika. Na siku 7 ni ukomo, kwa hoja kwamba baada ya hapo mwili huzoea samli na haitendi tena kilichokusudiwa. Mfamasia wa leo angeitambua mara moja kazi hii: kuanza chini, kupandisha polepole, kuwa na alama ya kufikia na ukuta wa kutovuka.

Baada ya samli huja kukandwa kwa mafuta na kutokwa jasho. Sura ya 14 inaorodhesha njia 13 za kutoa jasho kwa moto na 10 zisizohitaji moto, zikiwemo kazi nzito, nguo nene, jua na hata hasira. Aliyewahi kujifukiza chini ya blanketi, chungu cha majani kikitoa mvuke mbele yake, anamjua jamaa wa karibu wa baadhi ya njia hizo. Tofauti iko katika masharti: macho, moyo na sehemu za siri hukingwa na joto, na kazi husimamishwa baridi na ukakamavu vikiisha na mwili ukilainika. Kisha kuna kungoja. Kati ya samli ya mwisho na dawa ya kutapisha hupita siku 1. Kabla ya dawa ya kuendesha tumbo hupita siku 3.

Pingamizi la kwanza ni zito, na sitaki kulikwepa. Mantiki ya kale ni kwamba samli hulegeza uchafu uliokwama mwilini, jasho huuyeyusha, nao hushuka tumboni ili utolewe. Daktari wa hospitali atauliza: uchafu gani, na umepimwa wapi? Ini na figo zinafanya kazi hiyo kila siku. Wapo waliojaribu kujibu. Mwaka 2002 Robert Herron na John Fagan walichapisha utafiti ulioripoti kupungua katika damu kwa kemikali zinazokaa kwenye mafuta ya mwili, kama PCB, baada ya tiba hii. Lakini waliofuatiliwa kabla na baada ya tiba walikuwa wachache, watafiti walitoka katika chuo kinachoihimiza tiba yenyewe, na kemikali za aina hiyo husafiri pamoja na mafuta ya damu: mafuta ya damu yakishuka, nazo zitaonekana zimeshuka hata kama hazijatoka mwilini. Mwaka 2016 jarida la Scientific Reports lilitoa utafiti uliofanyika California juu ya watu 119 wenye afya. Kwa siku 6 aina kadhaa za mafuta ya damu zilibadilika kwa waliopata tiba. Hata hivyo kundi hilo lilikula chakula kisicho na nyama, likatafakari, likakandwa na kunywa mitishamba kwa pamoja, na washiriki hawakugawanywa kwa kura. Ushahidi wa namna hii hauwezi kutuambia samli peke yake ilifanya nini. Kwa hiyo nakubali: nadharia ya sumu haijathibitishwa, na anayeiuza kama jambo lililothibitishwa anawadanganya wagonjwa.

Ila kukosea kueleza sababu hakufuti usahihi wa utaratibu. Mafuta mengi yakifika kwenye utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayobana kifuko cha nyongo. Nyongo humwagika, na mafuta yasiyofyonzwa hulainisha choo. Atasema mtu kwamba hospitali huosha utumbo kwa usiku mmoja tu kabla ya kuuchunguza kwa kamera, bila samli. Ni kweli, lakini hapo lengo ni utumbo mtupu, na baada ya kamera kazi imekwisha. Panchakarma inakusudia kumtapisha au kumwendesha tumbo mtu ambaye mara nyingi ana maradhi ya muda mrefu, kisha kumrudisha kwenye chakula kwa uji mwepesi, hatua kwa hatua. Kabla ya kuutikisa mwili hivyo, ni lazima kujua una uwezo gani. Siku za samli zinalijibu swali hilo kwa gharama ndogo: anayeshindwa kusaga mililita 30 kwa siku nzima hafai kupewa dawa ya kumtapisha kesho yake.

Lakini kipimo chenyewe kinaweza kudhuru. Kikombe kikipandishwa hadi mililita 150, samli hiyo ina kalori 1,200 hivi, karibu zote za mafuta. Mwenye vijiwe kwenye kifuko cha nyongo anaweza kupata maumivu makali. Mwenye mafuta mengi sana ya damu anaweza kuumwa kongosho. Mwenye kisukari anayetumia dawa na kukaa bila kula anaweza kushukwa na sukari. Hatari nyingine iko kwenye mitishamba inayopikwa pamoja na samli. Robert Saper na wenzake walinunua dawa 70 za Ayurveda madukani katika eneo la Boston, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mtu anayekwenda kusafishwa akarudi na risasi kwenye damu ameumizwa na maandalizi yenyewe. Utaratibu wa kale haukuwa na kipimo cha damu wala picha ya tumbo, na leo hakuna sababu ya kuviacha. Roho yake inavidai. Mwanzoni mwa sura ya 15 ya Charaka Samhita, mwanafunzi Agnivesha anahoji kwa nini vifaa na wahudumu viandaliwe kabla ya tiba, ikiwa tabibu anajua kazi yake. Mwalimu wake Atreya anajibu kwamba tofauti za miili, nguvu, umri na vyakula ni nyembamba kiasi cha kumchanganya hata mwenye akili, hivyo la kuharibika lingojewe likiwa limeshaandaliwa dawa.

Ndiyo maana nasikitishwa na vifurushi vya siku 3 vinavyouzwa kwa watalii kwa jina la panchakarma. Kukandwa kwa mafuta na kumwagiwa mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso si miongoni mwa kazi tano. Mtalii anapata sehemu inayopendeza ya maandalizi, bila saa za njaa na bila mtu wa kumwambia asimame. Akiongezewa dawa ya kuendesha tumbo siku ya mwisho ili jina litimie, anainywa bila mtu kujua tumbo lake ni laini au gumu.

Jaribio la kuamua ubishi huu kuhusu maandalizi linawezekana. Wagonjwa wa maradhi ya aina moja wagawanywe kwa kura. Wote wapewe dawa ileile ya kuendesha tumbo, nusu wakitanguliziwa samli na jasho, nusu chakula chepesi kwa siku zilezile. Dalili za kusimama zisomwe na matabibu wawili, kila mmoja peke yake, maana njaa na wepesi wa mwili husimuliwa na mgonjwa, na tunahitaji kujua kama wasomaji wawili hufika kwenye kikombe kimoja. Chumvi za damu zipimwe kabla na baada, na ihesabiwe ni wangapi walizuiwa kuendelea baada ya kikombe cha kwanza.